Umeenda kubeba maboksi, umerudi kutufundisha kucheka

Jumamosi nilikuwa nakunja nguo, mwanangu kakaa sakafuni anaangalia A Kind of Spark, tamthilia ya watoto ya BBC. Ghafla akanigeukia: "Mama, huyu dada anapepea mikono kama kaka wa Tandika."

Kaka wa Tandika ni mtoto wa kaka yangu, kule Dar es Salaam. Ana miaka 14, ana usonji (autism), na mwanangu amewahi kukaa naye wiki tatu tu.

Nikaacha nguo nikaangalia. Binti anayeigiza pale, Lola Blue, ana usonji kweli. Ile mikono hakufundishwa na mtu. Nilifurahi mpaka nikajishangaa, halafu furaha ikaingia mchanga, maana nilikumbuka sebule ya kaka yangu mwezi wa nane.

Ile sebule mnaijua. Umeme umerudi, watoto wa majirani wamejazana mlangoni, kwenye TV kuna kichekesho. Akaingia zezeta: vifungo vya shati vimepishana, udenda unamtoka, akiulizwa hili anajibu lile. Tukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sijitoi. Mtoto wetu alikuwa pale mkekani, naye akacheka kwa kuwa tunacheka. Kisha akainuka akaanza kumwiga. Watoto wakampigia makofi, akarudia. Wakapiga tena, akarudia tena. Yaani mtoto mwenye usonji anafundishwa namna ya kuwa zezeta, na mwalimu wake ni mtu mzima na akili zake ambaye jioni analipwa anakwenda zake kula chipsi.

Nilipofungua mdomo tu, kaka akanimaliza: "Wewe umeenda kubeba maboksi, umerudi kutufundisha kucheka?"

Haya. Sijasema Wazungu ni malaika. Dustin Hoffman alipewa Oscar mwaka 1989 kwa kuigiza mtu mwenye usonji kwenye filamu ya Rain Man, na mpaka leo, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi huku ughaibuni, nikimtaja mtoto wetu swali la kwanza ni hilohilo: ana kipaji gani? Wanangoja niwaambie anahesabu njiti za meno zilizomwagika, kama yule wa kwenye filamu aliyeziona 246 kwa kutupa jicho. Mtoto wetu hahesabu njiti. Anapenda chapati isiyokunjwa, basi. Na Kim Peek, aliyempa mwandishi wazo la yule mhusika, baadaye ilikuja kuelezwa kwamba hakuwa na usonji. Mwigizaji hana, aliyeleta wazo hana, na dunia nzima ikatoka pale inajiona imeelewa.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Kuigiza ni kuigiza! Anayeigiza jambazi naye awe jambazi?" Ndugu yangu, jambazi hajawahi kunyimwa kazi ya kuigiza kwa sababu anapepea mikono. Mwingine atasema sinema zetu zinapigwa siku tatu kwa hela ya mchango, nani ana muda wa kumsubiri mtoto azoee taa? Hapo ningekubali, ila utetezi huohuo alikuja nao Sia, mwanamuziki mwenye hela zake, kuhusu filamu yake ya Music iliyotoka mwaka 2021. Alisema alijaribu binti mwenye usonji, binti akaelemewa, akamchukua Maddie Ziegler asiye na usonji. Watu wenye usonji wakamjia juu, hasa kwa zile sehemu ambazo mhusika analaliwa kwa nguvu ili atulie. Mwishowe aliomba radhi. Kwa hiyo huu si umaskini wetu peke yake, wenye pesa nao wanao.

Tena niwaambie kitu, kabla hamjaniita Mzungu mweusi. Mtoto wetu akipotea Tandika, bodaboda wanamrudisha nyumbani na hawadai nauli. Mama wa chapati anamjua. Hapa jirani yangu ukuta kwa ukuta, huu mwaka wa nne, jina lake silijui. Ndiyo maana kile kicheko kinanichoma. Mtaa unaojua chapati yake anavyoitaka unashindwa vipi kujua anachekwa?

Jioni nikampigia kaka video, nikaelekeza simu kwenye TV. Mtoto akaisogelea simu mpaka nikawa naona paji la uso tu. Kaka naye akaangalia, kimya, nikajua nasubiri kutukanwa.

"Na huyo binti wanamlipa?"

"Wanamlipa."

"Kama wale wengine?"

Nilikuwa najibu, bando lake likakata.