Fedha ya kupimwa au fedha ya kuhesabiwa? Sarafu ya majaribio ya Guangdong ya 1889

Miongoni mwa sarafu za fedha zilizobaki kutoka enzi ya Qing, nasaba ya mwisho ya makaisari wa Uchina, iko moja ambayo wakusanyaji huitafuta hasa kwa sababu ya tarakimu moja. Ni sarafu ya majaribio ya 1889 ya Guangdong, jimbo la kusini mwa Uchina, yenye joka upande mmoja na jina la utawala wa kaisari Guangxu upande wa pili, na maandishi yake yanataja uzito wa qian 7 na fen 3 kwa mizani ya hazina. Sarafu iliyokuja kuenea sokoni kuanzia 1890 ilifuata umbo hilohilo, ila ilikuwa ya qian 7 na fen 2. Qian ni sehemu ya kumi ya liang, kipimo cha uzito cha Kichina, fen ni sehemu ya kumi ya qian, na liang ya hazina ilikuwa na gramu 37.3 hivi; kwa hiyo mzozo wote kuhusu uzito upi utumike ulikuwa juu ya kitu kisichofika hata nusu gramu.

Aliyetaka uzito ule mkubwa ni Zhang Zhidong, gavana mkuu wa Guangdong na Guangxi, ambaye mwaka 1887 aliomba idhini ya serikali kuu na kuagiza mitambo kutoka kwa Ralph Heaton na Wanawe, wafua sarafu wa Birmingham, Uingereza. Shabaha yake ilikuwa dola ya Meksiko, ile yenye picha ya tai, iliyokuwa imetawala biashara ya bandari za kusini. Dola hiyo ilikuwa na gramu 27.07. Sarafu ya Zhang, kwa hesabu ya mizani ya hazina, ilifika gramu 27.2, na ile ya baadaye takriban 26.9. Yaani ya kwanza iliipita kidogo sarafu ya wageni, na ya pili ikapungukiwa nayo kidogo.

Hoja ya kumtetea Zhang si dhaifu. Mfanyabiashara wa Guangzhou, mji mkuu wa Guangdong, hakuwa mtu wa kuamini picha. Dola ya kigeni ilipopita mikononi mwake aliigonga mhuri wake mdogo kuthibitisha ubora, na baada ya mihuri mingi sarafu ilibonyea hata isitambulike, ikawa kipande cha madini cha kuwekwa mizanini. Mbele ya watu wa namna hiyo, chombo kipya cha serikali kingepata heshima kwa njia gani, kama si kwa kuzidi uzito? Serikali yenyewe haikuwa na sifa njema katika mambo ya fedha. Kumpa mnunuzi ziada ndogo kulikuwa sawa na muuza nafaka anayeongeza konzi moja juu ya pishi ili mteja arudi kesho.

Hoja ya upande wa pili inajulikana kwa kila sonara. Sarafu mbili zikipokelewa kwa thamani ileile, na moja ikawa na fedha nyingi zaidi, ile nzito itafichwa sandukuni au itaingia kwenye kalibu, na ile nyepesi ndiyo itakayozunguka. Kila sarafu nzito inayotolewa ni hasara kwa kiwanda, na hasara hiyo haimng'oi tai wa Meksiko hata kidogo. Chini ya Li Hanzhang, aliyemrithi Zhang huko Guangzhou, uzito ulipunguzwa.

Mimi naona hoja hizi mbili hazipingani kama zinavyoonekana, kwa kuwa kila moja inazungumzia soko tofauti. Fedha ikipimwa, uzito wa ziada haupotei, maana mpokeaji huulipia kwenye mizani. Lakini kwa sababu hiyohiyo haumvutii mtu, kwani anapata alichokilipia. Fedha ikihesabiwa, uzito wa ziada ndio unaoiua. Kiswahili chetu hutumia neno fedha kwa madini na kwa pesa, na mkanganyiko wa Zhang ulikuwa wa namna hiyo: alitaka sarafu ya kuhesabiwa, akaitetea kwa hoja za fedha ya kupimwa. Ndiyo maana nampa haki mrithi wake, ingawa si kwa furaha, kwa sababu ushindi wa fen 2 ulikuwa pia kukubali kwamba kipimo cha Uchina kingefuata sarafu ya Meksiko.

Pwani yetu iliona jambo la karibu na hilo. Sultani Barghash alipotoa riyali yake ya Zanzibar mwaka 1882, alikuwa akishindana na reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria iliyoendelea kufuliwa kwa tarehe ya 1780 miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki, na yeye pia hakuweza kuiondoa. Mazoea ya watu ni mpinzani mgumu kuliko uzito.

Jambo la maandishi lilikuwa na uzito wake pia. Katika sarafu ya majaribio, herufi za Kiingereza zililizunguka jina la utawala wa kaisari, nayo maandishi ya Kichina yakawekwa kandokando ya joka. Baadaye vikabadilishana nafasi. Kiingereza kiliwasaidia wenye mabenki wa kigeni kuisoma sarafu, na hilo lilikuwa na maana katika bandari kama Guangzhou. Hata hivyo, ni vigumu kumlaumu ofisa aliyeona haifai lugha ya wageni ikae uso mmoja na jina la utawala wa kaisari wake, hasa katika sarafu iliyobuniwa kuwaondoa wageni haohao.

Zhang mwenyewe hakushawishika kikamilifu. Alipohamia Wuchang, mji mkuu wa jimbo la Hubei, kiwanda cha huko kilitoa dola za qian 7 na fen 2, lakini mwaka 1904 akarudi kwenye mizani na kutoa sarafu ya liang moja kamili, ambayo haikudumu. Sheria ya fedha ya Uchina ya 1910 ndiyo iliyochagua yuan, yaani dola ya Kichina, ya qian 7 na fen 2, yenye asilimia 90 ya fedha safi. Sarafu ya Guangdong, ya majaribio na ya sokoni, ilikuwa imetaja uzito wake tu bila kutaja thamani. Ile ya mwaka 1911 iliandikwa yuan moja, na uzito haukutajwa popote. Oktoba mwaka huohuo mapinduzi yakaanza Wuchang.