Majira ya Kuchipua Yakianza, Weka Reki Chini

Baridi ikianza kulegea tu, wapenda bustani wengi hushikwa na hamu ya kusafisha. Reki inatolewa stoo, makasi yananolewa, na kufikia jioni kitalu kizima kimebaki udongo mtupu. Napinga tabia hii kwa nguvu zangu zote. Mimea ya kudumu, ile inayokauka juu wakati wa baridi kisha ikachipua tena kutoka mizizini, inataka macho yetu kwanza, mikono baadaye.

Chutama uangalie kilichopo. Peoni, mmea wa maua makubwa, huchomoza kwa ncha nyekundu iliyoiva, nene kuliko penseli, imejaa maji kiasi kwamba jino moja la reki latosha kuivunja. Ikivunjika, limekwenda shina la mwaka mzima pamoja na ua lake. Sedumu, mmea wenye majani manene, hujibana chini kabisa, vichwa vidogo vya majani ya kijani kilichofifia, vimekumbatia kitako cha mabua ya mwaka jana. Mabua hayo makavu tunayoyaona uchafu ndiyo yanayotuonyesha mmea ulipo.

Wapo na wachelewaji, na hawa ndio wanaoniuma roho, maana huuawa kwa kudhaniwa wamekufa. Platikodoni, mmea wa maua yenye umbo la kengele, hukaa kimya hata wenzake wakishavaa majani. Haibiskasi ya kudumu nayo ni vivyo hivyo, hungoja udongo upate joto la kweli. Mtu akiona hapana kitu anachukua koleo, anachimba, anakutana na mzizi mnene ulio hai, keshaukata vipande viwili. Chomeka kijiti hapo tangu kabla ya baridi, kisha subiri.

Udongo wenyewe nao haujawa tayari. Theluji ikiyeyuka, ardhi hushiba maji. Teka konzi moja uifinye: ikibaki donge linalonata, usikanyage kitalu. Uzito wako unabana matundu ya hewa, na mizizi bila hewa haikui. Ukilazimika kuingia, tandika ubao ukanyage juu yake.

Mabua yenye uwazi ndani yana kazi nyingine. Baadhi ya nyuki wanaoishi peke yao, wasio na mzinga, hutaga humo. Ukiyapunguza, bakiza sentimita 20 hadi 45 yakiwa yamesimama. Majani mapya yatayafunika muda si mrefu, wala hakuna atakayeyaona.

Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi nayo iache kwanza. Inasukuma majani mateke ambayo jalidi ya usiku mmoja huyababua, na yakisalimika vidukari huyafurahia. Tabaka jembamba la mboji linatosha, ila lisirundikwe juu ya kitovu cha mmea, pale machipukizi yanapotokea, kitaoza.

Sisemi tukae mikono mifukoni. Mmea uliosukumwa juu na ardhi iliyoganda na kuyeyuka mara kwa mara urudishwe chini kwa kiganja, mizizi isikauke. Majani ya zamani ya helebori, mmea unaochanua mapema, yakatwe maua yanapoinuka. Magugu yang'olewe kwa mkono yangali machanga. Mimea inayotoa maua mwishoni mwa kiangazi yaweza kugawanywa sasa, udongo ukishakauka kidogo. Peoni isubiri majira ya majani kupukutika.

Jambo la mwisho ni majani ya krokasi na nasisi, maua yanayoota kutoka tunguu. Maua yakishanyauka, wengine huyakata, wengine huyasuka na kuyafunga mafundo ili pawe nadhifu. Tafadhali yaacheni wazi juani mpaka yageuke manjano yenyewe. Ndiyo yanayojaza chakula kwenye tunguu lililo ardhini, na chakula hicho ndicho ua la mwakani.