Ada ya klabu ya vindege: tunacholipa Uingereza na tunachokikosa Wete

Kila Disemba inapofika, mweka hazina wa klabu ninayorushia ndege za mfano, vindege vinavyoongozwa kwa rimoti na mtu aliyesimama chini, hapa Uingereza hutuletea wanachama hesabu ya ada ya mwaka unaokuja, na kila ninapomtajia mdogo wangu aliyeko Wete, Pemba, kiasi nilicholipa, hunijibu kwa mshangao uleule: "Kaka, pesa yote hiyo ili upate kucheza?" Kwenye simu nimekuwa nikimjibu kwa mkato. Sasa naona inafaa nimjibu kwa maandishi, kwa sababu swali lake ni la haki, na jibu lake halitimii mpaka mtu atazame huku ninakoishi tangu 2004 na kule nilikozaliwa.

Nianze na pesa zenyewe. Malipo yangu yamegawika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la klabu, nalo ni pauni 95 kwa mwaka, ambazo zikigeuzwa zinazidi shilingi laki tatu za kwetu. La pili ni la chama cha taifa cha warushaji wa ndege za mfano, BMFA, kilichoanzishwa mwaka 1922 kwa jina jengine, na ada yake kwa mtu mzima haifikii gharama ya kujaza mafuta tangi la gari dogo. La tatu ni la serikali: tangu mwisho wa mwaka 2019, mwenye ndege yenye uzito wa kuanzia gramu 250 alitakiwa ajisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, na usajili huo ulianza kwa pauni 9 kwa mwaka. Mrushaji hufanya pia mtihani kwa intaneti, na huo hauna malipo. Nilipoufanya mimi ulikuwa na maswali 40 na nilitakiwa nipate 30. Watoto hulipa kidogo sana kuliko wakubwa. Gharama ya ndege, rimoti na betri sijaiingiza humu, kwa kuwa hiyo kila mtu hujipimia kwa mfuko wake.

Sehemu kubwa ya zile pauni 95 inakwenda kwenye ardhi. Klabu yetu imekodi kipande cha malisho kwa mkulima mmoja, na katikati ya kipande hicho kuna ukanda wa majani unaokatwa kila wiki tangu Aprili mpaka Oktoba, ukawa laini kama busati. Mashine ya kukatia majani ni ya klabu, mafuta yake ni ya klabu, na sanduku la huduma ya kwanza lililotundikwa kwenye kibanda ni la klabu. Wazee wanasimulia kwamba zamani, rimoti zilipokuwa zikitumia mawimbi ya megahezi 35, palikuwa na ubao wa vibanio pale mlangoni, na aliyetaka kurusha alichukua kwanza kibanio chenye namba ya mkondo wake, kwani watu wawili wakiwasha rimoti kwenye mkondo mmoja ndege iliyoko juu hupotelewa na amri na kuanguka. Rimoti za leo, za gigahezi 2.4, hutafuta nafasi zao zenyewe, lakini ubao ule haujaondolewa, na mwanachama mpya huelezwa kazi yake.

Lililonifanya nisiihesabu tena ada hii kuwa ni ghali ni namna mwanangu alivyofundishwa. Mwalimu wake alikuwa fundi mstaafu wa reli, mtu wa miaka sabini na zaidi, ambaye hakulipwa hata senti. Kila Jumapili alikuja na rimoti mbili zilizounganishwa kwa waya, moja akaishika yeye na nyengine akampa mtoto. Kidole chake cha shahada kilikaa juu ya swichi ndogo ya fedha iliyo begani mwa rimoti: akiivuta, mtoto ndiye anayerusha, akiiachia, ndege inarudi mikononi mwa mzee. Nilikuwa nikikitazama kidole kile kuliko nilivyoitazama ndege. Mwanzoni kiliachia kila baada ya sekunde tatu au nne, kwa kuwa ndege ikielekea kwetu kushoto na kulia hubadilishana na mtoto huipeleka upande usio wake. Kufika Julai kilikuwa kinatulia dakika nzima. Siku mwanangu alipotua mwenyewe kwa mara ya kwanza, akayumba kidogo kwa upepo wa ubavuni kisha magurudumu yakagusa majani, mzee alinionyesha kwamba kidole chake hakikuitoka swichi tangu ndege ilipoanza kushuka. Wala hakusema kitu. Kuna skuli ngapi ambazo mzazi analipa ada na hapati mwalimu wa namna hiyo?

Fungu la chama cha taifa lina jambo ambalo kwetu halijulikani kabisa, nalo ni bima ya mrushaji. Mwanachama wa BMFA anakingwa hadi pauni milioni 25 endapo ndege yake itamjeruhi mtu au kuharibu mali ya watu, kwa sharti kwamba alikuwa anarusha kwa kufuata sheria. Mwanachama anapata pia ruhusa ya kupita kimo cha mita 120, ambacho mrushaji wa kawaida haruhusiwi kukivuka, kwa ndege zisizofika kilo saba na nusu, kwa sababu mamlaka inakiamini chama kuwasimamia watu wake. Kwa hiyo ndani ya ada hiyo mna kinga na mna haki. Marekani nako utaratibu unafanana: Academy of Model Aeronautics, iliyoanzishwa 1936, nayo humpa mwanachama wake bima ya aina hiyo ndani ya ada.

Maana ya bima hiyo sikuijulia Uingereza. Niliijulia Wete, mwaka 2013, kabla Tanzania haijatoa kanuni zake za 2018 za ndege zisizo na rubani. Nilikwenda likizo na ndege ya povu yenye upana wa mita moja na nusu kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, betri zake nikazibeba kwenye mkoba wa mkononi kama mashirika ya ndege yanavyotaka, na alasiri moja tukaingia mimi na mwanangu kwenye kiwanja cha mpira cha mtaani kwetu. Haikupita robo saa, watoto walikuwa hawahesabiki. Walikimbia chini ya ndege kokote ilikokwenda, kama wanavyokimbilia tiara iliyokatika uzi, na mimi nilipoona sina pa kutua pasipo na mtoto nikaipeleka pembeni, kwenye mnazi mmoja uliokuwa peke yake. Upepo wa kusi ukaisukuma. Propela, ambayo nilikuwa sijaizima, ilimpata kijana wa miaka kumi juu ya jicho la kushoto.

Damu ilikuwa nyingi, jeraha halikuwa kubwa. Alishonwa nyuzi tatu. Usiku ule nilikwenda kwao na mjomba wangu na mzee mmoja wa mtaa, nikaomba radhi, nikatoa pesa ya dawa na ya usumbufu. Mama wa kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, pesa yako chukua. Sisi ni majirani, na Mungu kanusuru. Lakini lingekuwa jicho, ungenipa nini?" Sikuwa na jibu. Hata leo, nikilipa fungu la BMFA, ni uso wa mama yule ninaouona.

Kwetu ujirani ndio bima, na siudharau. Katika nchi ninayoishi sasa, mkasa ule ungeandikiwa barua na mawakili, na mimi na familia ile tusingekaa tena mkeka mmoja. Wete tulikunywa chai pamoja siku ya pili yake, na kijana yule leo ni mtu mzima anayenisalimia kwa heshima zote. Hata hivyo ujirani huweza kubeba nyuzi tatu; hauwezi kubeba jicho, wala hauwezi kumsomesha mtoto aliyepofuka. Hapo ndipo ninapoona tumepungukiwa, na upungufu huo hautoki kwenye umasikini peke yake.

Mdogo wangu husema kwamba mambo ya ada ni ya Wazungu. Hilo silikubali. Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu, ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na haikudumu zaidi ya miaka mia kwa pumzi za waimbaji tu. Imedumu kwa wanachama. Wanawake wetu wanaendesha michezo ya upatu ambayo haikosi siku, na anayechelewesha zamu anajua aibu itakayompata. Kutoa tunakujua sana. Tatizo ni kwamba tunatoa kwa tukio: arusi, msiba, safari ya timu kwenda Gombani, jezi mpya. Tukio likipita mkono unafumbwa, na kiwanja kinabaki na mashimo yake hadi tukio jengine. Ada ninayolipa huku kwa kiasi kikubwa inalipia siku ambazo hakuna lolote linalotokea, siku za majani kukatwa na bima kukaa bila kuguswa. Ni vigumu kumshawishi mtu atoe pesa kwa siku kama hizo, na ninakiri ilinichukua miaka kadhaa mimi mwenyewe kushawishika.

Nisije nikaonekana nimepakwa asali mdomoni. Klabu ya kwanza niliyoiendea hapa ilitaka kiingilio cha pauni 150 juu ya ada, pamoja na mwanachama wa kunidhamini, na mimi sikuwa nikimjua hata mmoja. Kisha nikaambiwa nisubiri orodha, nikasubiri miaka miwili bila ya barua. Wapo wanaoeleza kwamba idadi hufungwa kwa sababu ya makubaliano na mwenye ardhi na majirani wanaolalamikia kelele, na kweli injini za mafuta zina mwiko wake, kelele zisizidi desibeli 82 zikipimwa kwa umbali wa mita 7. Lakini kiingilio cha namna ile kinachuja watu, na wanaochujwa ni mgeni, kijana asiye na kazi, na mtoto ambaye baba yake anafanya zamu za usiku. Nilikuwa nikifanya zamu za usiku. Klabu ya sasa haina kiingilio kwa mtoto, na ndiyo maana ina watoto.

Pemba haina haja ya kuanza na pauni 95. Mikono ipo: mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipopigwa picha kutoka angani kwa ajili ya ramani mpya, vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwa miongoni mwa waliorusha eBee, ndege ya povu isiyofika kilo moja inayotupwa kwa mkono na kutua kwa tumbo. Watoto wetu nao wanatengeneza tiara kwa chelewa na karatasi, na kititia cha makuti, na kwa vitu hivyo wameshaujua upepo kabla ya kufika darasa la tatu. Mahali pa kurushia ndipo penye ugumu, kwa kuwa kisiwa chetu ni cha vilima na mikarafuu na penye uwazi pana mpira. Mimi naona ufukweni, maji ya bamvua yakishakupwa, mchanga mgumu ukabaki mpana kuliko malisho yetu ya Uingereza, mbali na kiwanja cha ndege na mbali na nyumba. Kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, hakikwepeki, na mtu mmoja mmoja akikifuatilia huchoka. Nimekwishazungushwa ofisi tatu kwa siku moja mpaka nikakata tamaa. Watu ishirini wenye daftari la wanachama na katiba ya kurasa mbili hawazungushwi kwa wepesi huo.

Nimepiga hesabu na vijana wanne tunaowasiliana nao. Kila mkubwa atoe shilingi elfu tano kwa mwezi, mwanafunzi elfu moja, na walio nje kama mimi walipe kwa kima cha huku. Pesa ya mwaka wa kwanza isinunue ndege hata moja. Inunue kamba na vigingi vya kuzuia watu wasiingie pa kutulia, sanduku la dawa, na itakayobaki iwekwe akiba ya jeraha mpaka tutakapopata kampuni ya bima itakayokubali kutusikiliza. Mdogo wangu anasema elfu tano ni nyingi kwa mchezo, na huenda tukashuka hadi elfu tatu. Juu ya kamba na akiba sishuki.

Rimoti mbili zenye waya wa mwalimu nimeshazifunga kwenye mzigo unaoondoka mwezi ujao. Mwanangu, ambaye sasa anaendesha gari lake, amekubali kuja nami kaskazi ikituama, aishike yeye ile yenye swichi.