CD25: tuizibe, tuiamshe au tuikwepe?

Seli T, yaani aina ya askari wa kinga ya mwili, ikiwa imetulia haina haraka, inazunguka kwenye damu na tezi za kinga, na IL-2, protini ambayo ndo kichocheo chake kikuu cha kukua, hata ikipita jirani seli haiisikii vizuri. Ikishakutana na kile ilichoumbwa kukitambua, ndani ya masaa inaanza kutoa juu ya ngozi yake kipande cha alfa cha kipokezi cha IL-2 (mlango wa kuipokea), hicho ndo CD25, kinaungana na vipande vingine viwili, beta na gama, na hapo kipokezi kinakuwa na uwezo wa kuinasa IL-2 karibu mara 100 zaidi kuliko beta na gama peke yao. Seli inaanza kugawanyika hata mara mbili tatu kwa siku, na kichocheo kikiisha CD25 nayo inapungua.

Sasa ukiiangalia hivo, unasema basi kazi rahisi, CD25 ni alama ya seli iliyowaka, mgonjwa akipandikizwa figo tunaiziba na mwili hauikatai figo mpya. Na kweli basiliksimabu, dawa ya kuziba CD25, ilipitishwa 1998 kwa hesabu hiyohiyo na mpaka leo inatumika, inapunguza kukataliwa kwa figo kule mwanzoni. Hapo sina ubishi.

Ubishi unakuja hapa. Mwaka 1995 mtafiti wa kinga kutoka Japani, Shimon Sakaguchi, alionesha kwamba kuna seli T zinazobeba CD25 muda wote bila kuamshwa na chochote, na kazi yake ni kuzituliza zenzake, yaani askari wa kuwazuia askari. Mwaka huohuo panya waliofutiwa jeni ya CD25 hawakubaki na kinga dhaifu kama ambavyo ungetegemea, tezi zao zilivimba na kinga ikaanza kuushambulia mwili wenyewe! Kwa hiyo dawa yako inaweza kumgusa polisi na mwizi kwa pamoja. Daklizumabu, nayo ya kuziba CD25, ilipitishwa Marekani 2016 kwa ugonjwa wa maltipo sklerosisi (kinga inashambulia mishipa ya fahamu), na mashambulizi ya ugonjwa yalipungua kweli, ila 2018 ikaondolewa sokoni baada ya wagonjwa kadhaa ubongo wao kuwaka na kuvimba vibaya. Mi sisemi moja kwa moja kwamba ni kwa sababu ya zile seli za kutuliza, dawa ile ilibadilisha mambo mengi, lakini aliyedhani anazima swichi moja alikosea.

Upande wa kansa ni kinyume, huko watu wanataka kuamsha. IL-2 ya dozi kubwa ilipitishwa 1992 kwa kansa ya figo iliyosambaa, karibu wagonjwa 15 kwa kila 100 uvimbe ulipungua na wachache ulipotea kabisa kwa miaka mingi, ila mishipa inavuja maji, presha inashuka, mtu anaweza kuishia chumba cha wagonjwa mahututi. Wataalamu wakasema tatizo ni alfa, inalisha zile seli za kutuliza na kuleta sumu, tutengeneze IL-2 inayoikwepa. Kwenye karatasi inapendeza sana. Bempegaldesleukin ilitengenezwa kwa wazo hilo na 2022 ikashindwa kwenye jaribio kubwa la melanoma (kansa ya ngozi) ikiwa pamoja na nivolumab, dawa ya kuziba PD-1 ambayo ni breki ya seli T, haikuongeza kitu. Afu kwenye panya wenye maambukizi sugu ya virusi ikaonekana kwamba IL-2 ikichanganywa na dawa ya kuziba PD-1, seli T zilizochoka zinaamka vizuri pale tu IL-2 inapoweza kushika CD25. Hiyohiyo tuliyokuwa tunaikwepa.

Kwa maoni yangu wazo la kukwepa alfa halijafa, dawa moja kushindwa sio hukumu ya zote, ila lilichukulia CD25 kama jina la kundi la seli wakati kwa seli T za kawaida ni hali ya muda tu. Ndo maana mi navutiwa zaidi na wanaocheza na dozi, IL-2 kidogo sana kwa wagonjwa wa lupasi (nao ni ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili), kiasi ambacho seli za kutuliza zinakidaka kwa sababu CD25 wanayo tayari na wengine hawakifikii. Shida ya huko ni kwamba mgonjwa akipata maambukizi katikati ya matibabu, seli zake za mapambano nazo zinavaa CD25, na ile dozi ndogo sasa ina wateja wawili.