Kabla ya waya, mpime mtu kwanza

Juzi kwenye grupu moja la WhatsApp la madaktari wa meno kijana katuma picha moja tu, tabasamu la mbele, meno ya juu yamepandana, chini kaandika "wakuu hapa nianze na waya namba ngapi?" Na watu wakaanza kumtajia namba! Hata mmoja hakuuliza mgonjwa ana miaka mingapi. Imenikera mpaka leo.

Wadogo zangu mnaojifunza kunyoosha meno, waya unakuja mwisho. Mgonjwa akikaa kwenye kiti muulize kwanza kilichomleta, na umuulize yeye mwenyewe sio mama yake tu, maana kwetu mwanya ni urembo, utauziba halafu arudi analia kumbe shida yake ilikuwa jino la pembeni. Halafu uso, kwa mbele na kwa ubavu: midomo inafunga yenyewe au anailazimisha, kidevu kimerudi nyuma au kimetokeza, anapumulia pua au mdomo.

Ndani, hesabu meno, jamani hesabuni! Kisha gego la kwanza, lile linaloota kwenye miaka 6 na wazazi wanadhani ni la utoto. Edward Angle, daktari wa meno Mmarekani, alitupa kipimo hicho cha jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana tangu 1899, kilima cha mbele cha gego la juu kikae kwenye mfereji wa gego la chini, hiyo ni daraja la kwanza, kikiwa mbele ya mfereji daraja la pili, nyuma yake daraja la tatu. Meno ya mbele ya juu kuyatangulia ya chini milimita 2 au 3 ni kawaida, pima kwa rula usikadirie.

Ila kinachoniuma zaidi ni chonge. Mtoto akifika miaka 9 au 10 pitisha kidole juu ya fizi ya juu, upande wa nje, kulia na kushoto, unatakiwa uguse kinundu kigumu, ndio chonge linashuka. Upande mmoja ukiukosa usipuuze, akikaribia 11 bado hulipati piga eksirei, maana chonge likilala kwenye kaakaa linaweza kula mizizi ya meno ya jirani. Likigundulika mapema, kung'oa tu chonge la utoto mara nyingi kunatosha la ukubwani lijishukie lenyewe. Nimempokea binti wa kidato cha tatu, kavalishwa waya mahali fulani bila eksirei yoyote, jino la mbele linacheza, picha ikaonyesha nusu ya mzizi haipo. Jino zima lile, halina hata tundu! Kidole kimoja alipokuwa darasa la nne kingeweza kumwokoa.

Na muulizeni mama kama mtoto alitolewa "meno ya plastiki" akiwa mchanga, yaani fizi zilizovimba zikachokolewa kienyeji chonge la utoto likatolewa kabla halijaota, kile kifaa cha kuchokolea kinaweza kuharibu hadi chipukizi la chonge la ukubwani, mtalitafuta jino ambalo halipo.

Sawa, nakubali mashine ya kupiga picha ya taya zima haipo kila wilaya na gharama yake sio ya kila mzazi. Lakini kidole na rula vipo kila zahanati. Huyo mtoto wa miaka 10 aliyeletwa kung'olewa gego bovu tu, mpitishie kidole na yeye kabla hajashuka kwenye kiti.