Asilimia 77 na wazee wa barazani

Uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, vijana wa Iringa mjini huwacheka wazee wa vijijini: eti hawataki ushindani, wanataka mtu apitishwe tu, demokrasia hawaijui. Wanasahau kwamba Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa (yaani chifu) Mkwawa na mwenyewe aliyewahi kuwa chifu wa Wahehe wa hapa Iringa, ndiye aliyekuwa Spika mwaka 1963 Bunge lilipofuta uchifu. Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, Spika alikuwa yeye pia. Ugeni wa wazee kwa demokrasia uko wapi?

Halafu kuna ile hesabu isiyoniacha nilale. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza Watanzania: chama kimoja au vingi? Asilimia 77 hivi walitaka kimoja kiendelee. Waliotaka vingi ni 21 hivi. Tume ikapendekeza vingi. Yaani utawala wa wengi tuliupata kwa kuwasikiliza wachache! Tume ilikuwa na sababu: wachache nao wana haki, na wengi wa wale 77 walitaka marekebisho. Sawa kabisa. Ila hiyo si hoja ya sanduku la kura. Ni hoja ya mzee wa barazani, asiyekubali shauri lifungwe kwa kuhesabu vichwa wakati mtu mmoja bado ananung'unika.

Barazani mnaongea mpaka jua linazama, kesho mnarudi, kwa sababu utakayembwaga leo ndiye utakayemwomba ng'ombe wa kulimia msimu ujao. Sasa mwenyekiti wa kijiji lazima adhaminiwe na chama, na ugomvi wa mpaka wa shamba unageuka ugomvi wa vyama. Nimeona majirani wakiacha kunywa ulanzi kilabu kimoja kwa sababu ya kura.

Lakini barazani ukimya ulihesabiwa kuwa ridhaa, na waliokaa kimya walikuwa hasa akina mama. Haikuandikwa bure katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kwamba kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, wanawake wasipungue watatu. Na kwenye kituo cha kura, mke wa mtu anaweza kumkataa mgombea wa baba mkwe wake, akarudi nyumbani, akampakulia ugali kama kawaida.