Mwamba ni Nani, na Milango ya Kuzimu Ikoje?

"Nami nakuambia, Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu, wala milango ya kuzimu haitalishinda." Ni Mathayo 16:18, na kila Mkristo ana mahali pake pa kusimama ndani ya sentensi hiyo. Mkatoliki husimama kwenye "wewe ndiwe Petro". Mprotestanti husimama kwenye "mwamba huu" na kuuliza, upi? Mhubiri wa mkutano wa injili hayo yote huyaruka, akatua kwenye "haitalishinda", na hapo vigelegele haviishi.

Swali la msingi wa kanisa na la kusudi la Mungu kwa kanisa hilo linaanzia hapa. Nitazitazama hoja za pande zote, maana kila upande una mahali ulipo imara na mahali ulipo mwembamba. Ila niseme mapema kwamba, kwa maoni yangu, ugomvi wa mwamba umekula muda mwingi kuliko inavyostahili, na kipande cha mwisho cha ule mstari kimebaki bila kusomwa vizuri.

Tuanze na ugomvi wenyewe. Katika Kigiriki kuna maneno mawili: Petros, jina la mtu, na petra, mwamba. Wanaokataa kwamba Petro ndiye mwamba wanasema Yesu alibadilisha neno makusudi. Petro ni jiwe tu, mwamba ni kile alichotoka kukiri mistari miwili nyuma: "Wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai." Hoja hii imehubiriwa sana, na kwa uaminifu lazima nikiri kwamba kisarufi ni dhaifu. Yesu na wanafunzi wake walizungumza Kiaramu, na huko neno ni moja tu, Kefa. Yohana 1:42 inalitaja, na Paulo katika Wagalatia na Wakorintho anamwita Petro kwa jina hilohilo. Kigiriki kililazimika kuwa na maneno mawili kwa sababu petra ni nomino ya kike, na mwanamume hawezi kuitwa hivyo. Hata upande wa Waprotestanti wapo wataalamu wakubwa, Oscar Cullmann mmojawapo, waliokubali kwamba anayetajwa hapo ni Petro mwenyewe.

Lakini Cullmann huyohuyo alikataa hatua inayofuata, na hapo ndipo penye kazi. Kutoka Petro hadi Papa ni safari nyingine. Mstari hausemi lolote kuhusu mrithi. Wakatoliki hujibu kwa kusogeza macho hadi mstari wa 19, "nami nitakupa wewe funguo za ufalme wa mbinguni", kisha wanafungua Isaya 22, ambako ufunguo wa nyumba ya Daudi unaondolewa kwa Shebna na kupewa Eliakimu. Ufunguo ule ulikuwa cheo, na cheo hakizikwi na mtu. Hoja hiyo ina uzito kuliko Waprotestanti wengi wanavyotaka kukubali. Nao Waprotestanti wana jibu lenye uzito vilevile: sura mbili mbele, Mathayo 18:18, mamlaka ya kufunga na kufungua wanapewa wanafunzi wote, na huyo mwamba wenyewe, mistari mitano tu baada ya kusifiwa, anaambiwa, "Nenda nyuma yangu, Shetani, u kikwazo kwangu." Jiwe la msingi limekuwa jiwe la kujikwaa, tena mazungumzo hayajaisha!

Mababa wa kanisa, yaani walimu wa karne zake za mwanzo, hawatupi hukumu moja. Yohane Krisostomo aliona mwamba ni imani ya yale maungamo. Sipriani wa Karthago alimwona Petro kama ishara ya umoja ambao maaskofu wote wanaushiriki, na Waorthodoksi bado wako karibu naye hapo. Papa Leo wa Kwanza, aliyeongoza Roma kuanzia 440 hadi 461, alijiona mrithi wa Petro waziwazi, na mtaguso wa Vatikano wa 1870 ukaifanya imani hiyo kuwa fundisho rasmi. Anayenivutia zaidi ni Augustino. Uzeeni, akipitia upya maandishi yake, alisema kwamba zamani aliwahi kufundisha kuwa mwamba ni Petro, na baadaye mara nyingi akafundisha kuwa ni Kristo ambaye Petro alimkiri. Akamwachia msomaji achague. Askofu wa hadhi yake hakuona kwamba imani nzima ingeanguka kwa kuliacha swali hilo wazi.

Tena ubishi huu ni wa zamani kuliko maaskofu hao wote. Kule Korintho watu walikwisha kujigawa: huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa. Kundi la Kefa lilikuwepo kabla Injili ya Mathayo haijaandikwa, kama wengi wanavyozipanga tarehe. Paulo aliwajibu, "Maana msingi mwingine hakuna mtu awezaye kuuweka, isipokuwa ni ule uliokwisha kuwekwa, yaani, Yesu Kristo." Lakini Waefeso 2:20 inasema msingi ni "mitume na manabii", Kristo akiwa jiwe kuu la pembeni, na Ufunuo 21:14 inauona mji wa Mungu ukiwa na misingi kumi na miwili yenye majina ya mitume. Anayetaka Biblia iwe na picha moja tu ya msingi atapata taabu. Kilicho kimoja katika picha hizo zote ni mjenzi. "Nitalijenga", anasema Yesu, na "kanisa langu". Petro hakuambiwa ajenge.

Sasa ile milango. Wahubiri wengi huieleza hivi: milango haishambulii mtu, basi kanisa ndilo linaloshambulia na kuzimu ndiko kunakojihami. Inasisimua, ila katika Agano la Kale milango ya kuzimu ni kifo, basi. Mfalme Hezekia akiwa mgonjwa mahututi aliomboleza kwamba anaingia katika malango ya kuzimu, na hakuwa akipanga vita yoyote. Kuzimu ni mahali ambapo ukishaingia, mlango unafungwa nyuma yako. Kwa hiyo Yesu anasema kifo hakitaliweza kanisa lake. Kisha soma mstari wa 21, ambao mara nyingi hukatwa: tangu wakati huo alianza kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba imempasa kwenda Yerusalemu, na kuuawa, na siku ya tatu kufufuka. Mtoa ahadi mwenyewe alikuwa njiani kuelekea milango hiyo. Alipita, na haikumzuia.

Tukisoma hivyo, maana ya "kudumu" inabadilika. Ahadi haisemi kwamba hakuna kanisa litakalokufa. Na hilo ni jambo la maana sana, kwa sababu makanisa yamekufa.

Nichukue moja, nilitazame kwa karibu. Kati ya 1961 na 1964, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika bonde la Nubia, wanaakiolojia kutoka Poland walifukua kanisa kuu la Faras, karibu na mpaka wa Misri na Sudan, lililokuwa limezikwa na mchanga. Kuta zake zilijaa picha. Mahali pamoja palikuwa na orodha ya maaskofu wa mji ule, jina chini ya jina, urithi wa kitume umeandikwa ukutani. Picha mojawapo inamwonyesha askofu wa karne ya 10, mwenye ngozi nyeusi, amevaa mavazi ya ibada. Jina lake Petros. Nyuma yake amesimama Petro Mtume, mikono imewekwa juu ya mabega ya yule askofu. Mchoraji asingeweza kulisema fundisho la mrithi wa Petro waziwazi kuliko pale. Leo picha hiyo iko katika jumba la makumbusho mjini Warsaw, na mahali ilipotoka pako chini ya ziwa.

Nubia haikukosa kitu katika vile ambavyo pande zetu mbili zinabishania. Ilikuwa na maaskofu kwa mfuatano, na ilikuwa na Maandiko katika Kinubi. Hata hivyo mwaka 1317 ukumbi wa wafalme mjini Dongola uligeuzwa kuwa msikiti, na baada ya muda Ukristo wa Nubia ukatoweka. Nalitaja hili kwa sababu kuna maelezo yanayopendwa sana kuhusu Afrika Kaskazini: kwamba kanisa la Sipriani na Augustino lilikufa kwa kuwa liliabudu kwa Kilatini na halikuwapa wenyeji Biblia katika lugha yao, huku Wakopti wa Misri, waliokuwa nayo, wakibaki hadi leo. Nilikuwa nikiyaamini maelezo hayo. Lakini Nubia ilikuwa na lugha yake ikafa, na Ethiopia ilidumu kwa karne nyingi na Kige'ez ambacho watu wa kawaida hawakukisema tena. Hakuna kanuni inayozibana pembe zote.

Hivyo wanaosema msingi ni cheo wanapaswa kuijibu Faras. Wanaosema msingi ni maungamo ya imani, nao wanapaswa kuijibu Karthago, mji wa Sipriani huko Afrika Kaskazini, iliyoungama Utatu kwa ufasaha kuliko karibu mji wowote wa magharibi. Na kitabu cha Ufunuo hakishangai. Kanisa la Efeso linaambiwa, "nitakiondoa kinara chako katika mahali pake, usipotubu." Anayetishia kukiondoa ni yuleyule aliyeahidi kujenga.

Upande wa pili wa mizani uko Japani. Mwaka 1614 Ukristo ulipigwa marufuku nchini kote, na padre wa mwisho anayejulikana, Konishi Mancio, aliuawa mwaka 1644. Tarehe 17 Machi 1865, padre Mfaransa Bernard Petitjean aliwakuta wanakijiji kumi na kadhaa mlangoni pa kanisa jipya la Oura, Nagasaki. Mwanamke mmoja alimsogelea akamnong'oneza kwamba mioyo yao na moyo wake ni kitu kimoja, kisha akauliza iko wapi sanamu ya Maria Mtakatifu. Miaka zaidi ya 200 bila padre hata mmoja, na walei walikuwa wamebatiza watoto kizazi baada ya kizazi.

Mprotestanti atasema, umeona? Kanisa limeishi bila cheo. Mkatoliki atamwambia asubiri kidogo, maana mapokeo yao yaliwafundisha kumtambua padre wa kweli kwa alama, na mojawapo ilikuwa kama ametumwa na Papa wa Roma. Wote wawili wana haki. Tena kuna sehemu ya tatu ambayo haimfurahishi yeyote: baadhi ya Wakristo wale wa mafichoni walikataa kujiunga na mapadre, wakaendelea na sala za mababu zao, maneno ya Kilatini yakiwa yamechakaa mdomoni hadi hayatambuliki. Je, wao si kanisa? Mimi siwezi kuwaambia hivyo watu ambao mababu zao walichomwa moto kwa ajili ya jina la Yesu.

Hapa ndipo swali la kusudi linapoingia, na ndilo nililolitaka tangu mwanzo. Msingi huchimbwa kulingana na kitakachosimama juu yake. Basi kanisa linajengwa liwe nini? Wengine wanajibu kwa Mathayo 28, kuwafanya mataifa kuwa wanafunzi. Wengine wanasema ibada, wengine huduma kwa maskini. Sina ugomvi nao. Ila mahali pekee ninapoona kusudi lenyewe limetajwa kwa neno "ili" na neno "kanisa" katika pumzi moja ni Waefeso 3:10: "ili sasa, kwa njia ya kanisa, hekima ya Mungu iliyo ya namna nyingi ijulikane na falme na mamlaka katika ulimwengu wa roho." Hekima gani? Sura ya pili imekwisha kuieleza: Myahudi na asiye Myahudi wamefanywa mmoja, na Kristo "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga." Mstari wa msingi wa mitume na manabii unafuata papo hapo. Kwa hiyo, katika barua hii, msingi umewekwa ili waliokuwa hawaketi pamoja waketi nyumba moja.

Nikiwapima kwa kipimo hicho, pande zote mbili zinapungua, na upande wangu wa Kiprotestanti ndio unaonitia aibu zaidi. Tuliushika mwamba wa maungamo, halafu tukajenga kiambaza kila baada ya hatua tatu.

Kiambaza cha Waefeso kinashikika. Mwaka 1871, mwanaakiolojia Mfaransa Charles Clermont-Ganneau alipata Yerusalemu jiwe lililochongwa kwa Kigiriki, mojawapo ya yale yaliyowekwa kwenye uzio wa hekalu. Linamwonya mgeni asiye Myahudi asivuke uzio, na kwamba atakayekamatwa, kifo kitakachomfika kiko juu yake mwenyewe. Jiwe hilo sasa liko Istanbul. Paulo alilijua, maana Matendo 21 inasimulia jinsi alivyokamatwa hekaluni akituhumiwa kumvusha mgeni uzio huo. Watu walikuwa wamemwona mjini na mtu huyo, wakadhani amemwingiza. Jina lake Trofimo, na kwao ni Efeso.